Kinyozi Anayejinyoa: Historia Fupi ya Wembe, Shingo na Vipele

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Darasani methali hii hufundishwa kama funzo la kutegemeana: hata fundi humhitaji mwenziwe. Lakini tukiichukua kwa maana yake ya wazi, ndani yake mna ukweli wa kihistoria. Kwa karne nyingi, katika sehemu nyingi za dunia, kunyoa ndevu ilikuwa kazi ya mtu mmoja juu ya shingo ya mwingine. Mwanamume kujinyoa mwenyewe nyumbani kila asubuhi ni desturi changa. Hapa Marekani, kwa watu wa kawaida, umri wake ni kama miaka mia moja na ushei tu.

Katika makala hii tunaeleza desturi hiyo ilivyoanza, chombo chake kilivyotengenezwa, na kwa nini chombo hicho kimewaachia vipele shingoni wanaume wengi, hasa wenye nywele za kipilipili kama wengi wetu katika chama hiki. Jambo hili linaweza kuonekana dogo. Kwa mwanafunzi ni kero ya asubuhi. Lakini kwa askari, mzima moto au mpeleka chakula, vipele hivyo vimewahi kuwa sababu ya kupoteza kazi. Hoja yetu ni kwamba shingo inayowasha si dalili ya uchafu wala ya uvivu. Ni mahali ambapo umbile la nywele, umbo la chombo na amri za wakubwa hukutana.

Neno moja kuhusu majina. Tunaposema "mashine ya wembe" tuna maana ya ile ya mkono, yenye mpini na kichwa cha chuma kinachotiwa wembe wa kubadilisha. Hatusemi mashine ya umeme inayotumiwa na vinyozi.

Randa na jembe

Kabla ya mashine, chombo kilikuwa wembe mrefu wa kukunja, ulionolewa juu ya jiwe na kusuguliwa kwenye mkanda wa ngozi. Ulihitaji mkono uliozoea. Shavuni kazi ilikuwa rahisi kiasi, kwa kuwa ngozi imekaa juu ya mfupa. Hatari ilikuwa shingoni: ngozi ni laini na legevu, ina mikunjo, kikoromeo kimejitokeza katikati, na mishipa mikubwa ya damu iko karibu. Asiyekuwa fundi alikuwa na sababu nzuri ya kumwachia kinyozi.

Mtu wa kwanza anayejulikana kulitafutia dawa tatizo hili kwa maandishi alikuwa Mfaransa, Jean-Jacques Perret, fundi wa visu mjini Paris. Mwaka 1769 alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe. Perret alikuwa amebuni pia wembe wenye kinga ya mbao, iliyoacha sehemu ndogo tu ya makali ionekane. Wazo alilipata kwa seremala: chombo chake kilifanana na randa, ambayo huparuza ubao bila kuuchimba, kwa sababu makali yake yametokeza kidogo tu.

Mwaka 1847 Mwingereza William Henson alipata hataza ya wembe uliowekwa kukingama na mpini, na mwenyewe akaufananisha na jembe. Tunadhani wasomaji wetu watafurahia hapo, maana Kiswahili kina neno kijembe, lenye maana ya kisu kidogo cha kuchanjia, kabla halijawa jina la maneno ya kuchoma. Umbo hilo la jembe ndilo lililobaki hadi leo. Mashine zote za wembe ni majembe madogo.

Mwaka 1880 ndugu wa familia ya Kampfe, wa New York, waliunganisha mawazo haya mawili, jembe na kinga, wakauza mashine iliyoitwa Star. Ilikuwa salama zaidi, lakini wembe wake ulikuwa kipande kinene cha chuma ambacho bado kilipaswa kutolewa na kunolewa kila mara. Kujikata kulipungua, ila kazi ya kunoa ilibaki palepale.

Aliyeshika wembe

Kabla hatujafika kwa mvumbuzi maarufu zaidi, tusimame kidogo katika duka la kinyozi, kwa sababu huko ndiko historia hii inakotuhusu zaidi.

Katika Marekani ya karne ya 19, hasa kusini, vinyozi wengi walikuwa watu Weusi, na wateja wa maduka yao makubwa walikuwa Wazungu wenye fedha. Fikiria hali hiyo: nchi ambayo ilimnyima mtu Mweusi haki ya kukaa meza moja na Mzungu, lakini kila asubuhi Mzungu huyo aliegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, na kumwachia mtu Mweusi mwenye wembe mkononi shingo yake. Alonzo Herndon, aliyezaliwa utumwani mwaka 1858, alijenga maduka ya kinyozi Atlanta, kisha mwaka 1905 akaanzisha shirika la bima lililokuja kuitwa Atlanta Life. John Merrick, kinyozi wa Durham, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya bima ya North Carolina Mutual mwaka 1898. Wembe ulikuwa mtaji.

Ila angalia jambo moja. Vinyozi hao walinyoa nywele za Wazungu kwenye maduka ambayo mara nyingi mtu mwenye ngozi kama yao hakuruhusiwa kuketi kama mteja. Ujuzi mkubwa wa kunyoa nchini ulikuwa mikononi mwa watu Weusi, lakini soko lilitaka ujuzi huo kwa ndevu za namna moja. Mashine zilipokuja kutengenezwa kwa wingi, zililenga ndevu hizohizo.

Mapema katika karne ya 20 wateja wale walianza kupungua. Sheria na desturi za ubaguzi zilizidi kuwa kali, vinyozi Wazungu waliingia katika soko, na kisha mashine ya wembe ikamwezesha mteja kubaki nyumbani.

Wembe wa kutupa

King Camp Gillette alizaliwa mwaka 1855 katika jimbo la Wisconsin. Alikuwa muuzaji wa vizibo vya chupa, na mwajiri wake, William Painter, aliyevumbua kizibo hicho, alimshauri abuni kitu ambacho mteja atakitumia, atakitupa, kisha atarudi kununua kingine. Mwaka 1895 Gillette alipata wazo: chuma chembamba sana, chenye makali pande mbili, kisichonolewa. Tatizo lilikuwa kwamba mafundi walimwambia chuma chembamba hivyo hakiwezi kushika makali. Ilimchukua miaka sita, na msaada wa mhandisi William Nickerson aliyesoma chuo cha MIT, kupata njia.

Kampuni iliundwa mwaka 1901. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, iliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata iliuza mashine zaidi ya 90,000, na hataza ikatolewa Novemba 1904. Mashine iliuzwa dola 5, fedha nyingi wakati ule, lakini faida ya kudumu ilikuwa katika nyembe.

Wembe huo mwembamba ulisafiri dunia nzima. Afrika Mashariki wazazi wetu waliujua bila ya mashine yake: umefungwa katika karatasi, unauzwa mmojammoja dukani, unachonga penseli, unakata kucha, unafumua mshono, na unanyoa vichwa vya watoto ukiwa umeshikwa kwa vidole tu. Kampeni za kupambana na UKIMWI ziliuongezea sheria mpya: kila mtu na wembe wake. Hivyo kwetu wembe wa kutupa uliingia katika maisha kama chombo cha kila kitu, na kunyoa ndevu ilikuwa moja tu ya kazi zake.

Sura ya askari

Kilichoifanya mashine ya wembe iwe desturi ya wote ni vita. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini. Tangu hapo askari walihitaji kinyago cha kuzuia gesi, na kinyago hakishiki vizuri juu ya ndevu. Marekani ilipoingia vitani, serikali yake iliagiza mashine za Gillette milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30 kwa ajili ya askari wake. Vijana waliorudi nyumbani walirudi na mashine na mazoea.

Walirudi pia na wazo kwamba uso ulionyolewa kabisa ndio uso wa mtu nadhifu, mwenye nidhamu na wa kuaminika. Kanuni iliyoanzia katika kinyago ikahamia ofisini, dukani na kwenye picha za matangazo, mahali ambapo hapakuwa na gesi yoyote.

Jeshi la Marekani wakati huo lilitenganisha askari Weusi na Weupe. Rais Harry Truman alitoa amri ya kukomesha utengano huo tarehe 26 Julai 1948. Askari wa rangi zote wakawa chini ya kanuni moja na kioo kimoja, na ndipo tatizo lililokuwa la siri ya kila mtu likaonekana kwa wingi katika zahanati za kambi.

Ndevu zinazorudi ndani

Mwaka 1956 madaktari wawili wa ngozi, John Strauss na Albert Kligman, waliandika maelezo ya kitaalamu yaliyoufanya ugonjwa huu ujulikane kwa madaktari. Jina lake la kitaalamu ni refu. Sisi tutauita vipele vya ndevu, kama watu wanavyouita.

Chanzo chake si vijidudu. Unywele wa kipilipili huota kutoka kwenye kitundu kilichojipinda, na wenyewe hujikunja unapokua. Ukikatwa, ncha yake hubaki kali kama mkuki uliochongwa upande. Kisha moja ya mambo mawili hutokea. Ama unywele hukua, hujikunja na kuchoma ngozi kando ya ulipotokea. Ama, ikiwa ulikatwa chini ya usawa wa ngozi, hutoboa ukuta wa kitundu ukiwa bado ndani. Mwili huuona kama mwiba. Huvimba, huwasha, wakati mwingine hutunga usaha, na huacha alama nyeusi au kovu lililovimba.

Shingo huumia kuliko shavu kwa sababu nywele zake huota pande tofauti: huku juu, huku chini, kule ubavuni. Mkono unaoteremka kwa mstari mmoja huzikata baadhi kwa mwelekeo wake na nyingine kinyume. Ukosi wa shati nao husugua palepale. Makadirio yanayotajwa mara nyingi katika tafiti ni kwamba ugonjwa huu huwapata kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume Weusi wanaonyoa.

Mwaka 1974 Alexander na Delph, katika jarida la chama cha madaktari Weusi wa Marekani, waliandika kwamba ndani ya jeshi hili lilikuwa tatizo la tiba, la utawala na la jamii kwa pamoja. Tunaliona neno hilo "utawala" kuwa ndilo zito. Dawa ya uhakika ilijulikana: acha ndevu ziote. Lakini aliyepewa cheti cha daktari cha kutonyoa alionekana mbele ya mkubwa wake kama mtu asiyejipenda, na hilo liliweza kugusa cheo chake. Jeshi la majini liliruhusu ndevu mwaka 1970 chini ya Admirali Elmo Zumwalt, kisha ruhusa ikafutwa mwishoni mwa mwaka 1984.

Kesi mbili za mwaka 1993

Mwaka 1993 mahakama mbili za rufaa za Marekani zilitoa hukumu mbili tofauti juu ya ndevu hizi, na kuziweka pamoja kunatufundisha mengi.

Kesi ya kwanza ilitoka Nebraska. Mpeleka piza Mweusi alikuwa amefukuzwa kazi kwa kutonyoa, ingawa alikuwa na vipele vya ndevu. Kampuni ilijitetea kwamba wateja hawapendi kufunguliwa mlango na mtu mwenye ndevu. Mahakama ilisema kanuni hiyo iliwaumiza zaidi wanaume Weusi, na kwamba mapendeleo ya wateja si sababu ya kutosha.

Kesi ya pili ilitoka Atlanta, mji ule ule wa Herndon. Wazima moto 12 Weusi walitaka waruhusiwe kubakiza ndevu fupi sana. Mji ulijibu kwamba kifaa cha kupumulia ndani ya moshi lazima kigusane na ngozi. Mahakama ilikubaliana na mji, kwa hoja ya usalama.

Kwa maoni yetu hukumu hizi hazipingani. Zinatenganisha kinyago na mazoea. Ndani ya moshi, kanuni ina sababu. Kwenye mlango wa mteja mwenye njaa, haina. Shida ni kwamba mara nyingi sababu ya kwanza huazimwa ili kulinda ya pili. Mwaka 2025 jeshi la Marines, na baadaye jeshi la nchi kavu, yalitangaza sera zinazowezesha kuondolewa kwa askari anayehitaji ruhusa ya kutonyoa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Miaka imepita mingi, lakini, kama mashabiki wa mpira wanavyosema, wembe ni ule ule.

Nyembe mbili, tatu, tano

Wakati mahakama zikibishana, chombo kilibadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Uingereza ya Wilkinson Sword ilileta nyembe za chuma kisichoshika kutu, zilizodumu zaidi. Mwaka 1971 Gillette ilileta mashine ya nyembe mbili. Wazo lake lilikuwa kwamba wembe wa kwanza huuvuta unywele juu kidogo, na wa pili huukata kabla haujarudi. Zikafuata nyembe tatu mwaka 1998, nne za kampuni ya Schick mwaka 2003, na tano mwaka 2006.

Kwa mwenye nywele zilizonyooka, kukatwa chini ya usawa wa ngozi ni uso laini hadi jioni. Kwa mwenye nywele za kipilipili, ndiyo njia fupi ya kuufungia unywele ndani. Ndiyo maana madaktari wengi wa ngozi huwashauri wagonjwa wa vipele vya ndevu wasinyoe kwa kuchimba sana. Wapo waliotumia mashine ya umeme inayobakiza kivuli cha ndevu. Wapo waliotumia unga unaoyeyusha nywele, wenye harufu ya mayai viza, ambao wanaume Weusi wa Marekani wameutumia kwa vizazi.

Na wapo waliorudi kwenye wembe mmoja. Mwaka 2013 Tristan Walker, mfanyabiashara Mmarekani Mweusi, alianzisha kampuni ambayo bidhaa yake, Bevel, ilikuwa mashine ya wembe mmoja, iliyokusudiwa wanaume wenye nywele za aina yetu. Mwaka 2018 kampuni yake ilinunuliwa na Procter & Gamble, ambayo ilikuwa imeinunua Gillette mwaka 2005. Chombo cha mwaka 1904 kikawa kimeuzwa upya chini ya paa la mwenye nacho, lakini safari hii kwa mteja ambaye hapo mwanzo hakuulizwa.

Historia inafundisha nini mkono

Mashine ya wembe peke yake haiponyi. Inahitaji mkono unaoelewa kwa nini shingo huumia, na yote tuliyoeleza juu yanaweza kugeuzwa kuwa kanuni.

Kwanza, ijue shingo yako. Acha ndevu ziote siku mbili, kisha pitisha vidole polepole kila upande. Panapoteleza ndiko ziendako. Panapokwaruza ni kinyume. Wengi hugundua kwamba chini ya taya nywele zinapanda, na karibu na kikoromeo zinalala ubavu.

Pili, tia maji. Methali ya mwenzako akinyolewa ni onyo la maisha, lakini pia ni ushauri kamili wa kinyozi. Maji ya vuguvugu kwa dakika chache hulainisha unywele, ukakatika kwa urahisi na ncha isiyo kali sana. Kisha povu zito la sabuni, lipakwe kwa brashi au kwa vidole.

Tatu, acha uzito wa chuma ufanye kazi. Kichwa cha mashine kiguse ngozi, mpini uinamishwe hadi makali yaguse nywele, kama nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi. Usikandamize. Randa ya Perret ilikuwa salama kwa sababu haikuchimba. Piga viharusi vifupi na suuza wembe mara kwa mara.

Nne, fuata nywele, usizipinge, na usiivute ngozi ya shingo. Ngozi iliyovutwa ikiachiwa hurudi, na unywele uliokatwa huzama ndani. Mpito mmoja unatosha. Ukiona kivuli kimebaki, kiache. Kivuli hicho ndicho kinga yako.

Tano, suuza kwa maji baridi, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, na ubadilishe wembe baada ya mara chache. Wembe butu huvuta kabla ya kukata. Unywele uliokwisha kunasa usiung'oe. Uinue kwa sindano safi au uache. Na shingo ikiwa imekwisha kujaa vipele, usinyoe juu yake: subiri wiki kadhaa, na umwone daktari kama kuna usaha au makovu yanayokua.

Ushauri huu hautamfaa kila mtu. Wapo ambao ngozi yao haitaki wembe wa aina yoyote, na kwao jibu la haki ni ndevu zilizopunguzwa vizuri, pamoja na mwajiri anayeelewa. Kwa hiyo tunaona kwamba mjadala wa vipele vya ndevu una pande mbili ambazo hazipaswi kuachana. Upo upande wa ufundi, ambao kila mmoja wetu anaweza kujifunza mbele ya kioo. Upo pia upande wa kanuni, ambao hauwezi kurekebishwa kwa sabuni wala kwa chuma chembamba. Anayeulizwa kwa nini hakunyoa ana haki ya kuuliza naye: kanuni hii ni ya kinyago, au ni ya mazoea?

Kinyozi amejifunza kujinyoa. Asijikate kwa ajili ya macho ya wengine.